Namba Mbili wa Manungu: Mecky Mexime na Ukoo wa Mabeki wa Morogoro

Kombe la ubingwa wa Tanzania Bara limekwenda mkoani Morogoro mara tatu. Mwaka 1975 lilichukuliwa na Mseto Sports, kisha mwaka 1999 na 2000 likachukuliwa mfululizo na Mtibwa Sugar. Ni mikoa michache nje ya Dar es Salaam inayoweza kujivunia hesabu ya namna hiyo. Hata hivyo, ukimwuliza shabiki wa kawaida akutajie wachezaji wa mkoa huo, ataanza na washambuliaji na viungo, na kwa mabeki ataishia kwenye jina moja au mawili. Mara nyingi moja ya majina hayo litakuwa la Mecky Mexime, aliyekuwa nahodha wa Mtibwa Sugar na wa timu ya taifa, Taifa Stars.

Nimechagua kuisimulia soka ya Morogoro kupitia kwake na kupitia wenzake wa safu ya nyuma kwa sababu naamini wamedhulumiwa na namna tunavyoandika historia ya mchezo huu. Daftari la mshambuliaji linajazwa kila anapofunga. Msimu ukiisha tunajua kafunga mangapi, tunampa kiatu, na miaka thelathini baadaye bado hesabu ipo. Beki hana daftari. Mpira alioutelezea dakika ya sabini na kuupeleka nje, winga aliyemnyima krosi mchana kutwa mpaka kocha akamtoa, bao ambalo halikufungwa kwa sababu alisimama mahali panapotakiwa: hayo yote huishia uwanjani siku hiyohiyo. Kwa hiyo kazi ya beki yabidi ipimwe kwa vipimo vingine. Alidumu muda gani? Alicheza chini ya makocha wangapi bila kupoteza namba? Na baada ya kutundika daluga, nani alijifunza kutoka kwake? Kwa vipimo hivyo Mexime ni miongoni mwa wachezaji wakubwa waliowahi kutoka nje ya Dar es Salaam.

Kumwelewa kunahitaji kwanza kuuelewa mji. Reli ya Kati, iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ilifika Morogoro mwaka 1907. Mji ukakua chini ya milima ya Uluguru kwa vitu viwili: maji yanayoshuka kutoka misitu ya juu, na ajira zilizokuja na reli. Mashamba ya mkonge yakatanda kuelekea Kingolwira, Kimamba na Kilosa. Waluguru waliteremka kutoka vijiji vya mlimani kuuza ndizi, mboga na maharage, wakakutana mjini na Wakaguru, Wasagara, Wapogoro, na watu kutoka mbali zaidi walioletwa na kazi za mkonge na za garimoshi. Mji wa namna hiyo huwa na vijana wengi wasio na mashamba karibu, wenye jioni ndefu na mshahara wa mwezi. Hapo ndipo soka hustawi, na muziki pia. Salum Abdallah na Cuban Marimba, kisha Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz, walitoka katika mchanganyiko huohuo wa watu, na umaarufu wao umewafunika wanamichezo wa mji ule kwa miaka mingi.

Kwa karibu karne nzima soka ya Morogoro imekuwa soka ya waajiri. Ukifuatilia majina ya timu utaona historia ya uchumi wa mkoa: Reli, Tumbaku, Polisi, Mtibwa Sugar. Mchezaji alisajiliwa kazini kabla ya kusajiliwa kwenye timu, au vyote viwili siku moja. Alikuwa na kitambulisho cha karakana, chumba katika nyumba za wafanyakazi, na ruhusa ya kutoka mapema siku ya mazoezi. Nina hakika mfumo huu ndio uliozaa mabeki wazuri kuliko washambuliaji wazuri. Mshambuliaji mwenye kipaji alionekana haraka, na viongozi wa Simba na Yanga walikuwa wakipanda basi kumfuata kabla msimu haujaisha. Beki alihitaji miaka mitatu minne akicheza na watu walewale ili ajue lini golikipa wake atatoka, lini beki mkoba atabaki, na lini yeye mwenyewe apande. Timu za kazini zilimpa miaka hiyo.

Mseto walikuwa wa kwanza kuvuna. Tangu ligi ya taifa ianze mwaka 1965, kila bingwa alikuwa ametoka Dar es Salaam. Sunderland, ambao baadaye waliitwa Simba, walianza mwaka 1965 na 1966, Cosmopolitans wakafuata mwaka 1967, Yanga wakashika usukani kuanzia 1968 hadi 1972, Simba wakatwaa mwaka 1973 na Yanga tena mwaka 1974. Ndipo mwaka 1975 timu ya mji wa kilomita mia mbili hivi kutoka pwani ikalichukua kombe na kulipandisha juu kwa mara ya kwanza. Naona aibu kwa niaba yetu waandishi kwamba kikosi kile hakijaandikiwa kitabu hata kimoja kinachojulikana. Wazee waliowaona wanazidi kupungua, na kila mmoja anapoondoka anaondoka na orodha yake ya wachezaji.

Miaka minne baadaye nchi nzima ilipata sababu ya kuwaheshimu mabeki. Agosti 1979 Taifa Stars walikwenda Ndola kurudiana na Zambia wakiwa na ushindi wa bao 1-0 kutoka nyumbani. Peter Tino alifunga, matokeo yakawa 1-1, na Tanzania ikafuzu Fainali za Mataifa ya Afrika za Lagos mwaka 1980. Jina la Tino linajulikana hadi leo na watoto ambao baba zao walikuwa hawajazaliwa. Lakini bao lile moja lingekuwa kumbukumbu ya kawaida tu kama ukuta wa nyuma ungeanguka mbele ya mashabiki wa Zambia. Katika safu ile ya nyuma ya miaka hiyo walikuwapo Leodegar Tenga, ambaye baadaye aliongoza shirikisho la soka la nchi, TFF, kuanzia 2004 hadi 2013, na Jella Mtagwa, beki ambaye sura yake iliwahi kuchapishwa kwenye stempu ya Tanzania. Morogoro nayo ina kiungo chake na siku ile: Joel Bendera, aliyekuwa kwenye benchi la ufundi la Stars ile, miaka mingi baadaye aliteuliwa kuwa Mkuu wa Mkoa wa Morogoro. Mkoa uliozoea kukaba ukapata kiongozi aliyejua maana ya kulinda bao moja ugenini.

Miaka ya sabini na themanini serikali iliifanya Morogoro kuwa mji wa viwanda. Viwanda vya viatu, ngozi, turubai, nguo na vyombo vya udongo vilijengwa kwa kasi, vingi kwa mikopo ya nje, na vingi vikashindwa kuzalisha kama ilivyotarajiwa. Mashirika ya umma yalipoanza kubinafsishwa au kufungwa katika miaka ya tisini, timu zake zilikufa pamoja nayo, kwa sababu timu ya kazini haiwezi kuishi kazi ikiisha. Reli ya Morogoro, waliojulikana kwa jina la Kiboko ya Vigogo kutokana na tabia yao ya kuwaangusha wakubwa wa Dar es Salaam, walikuwa timu ya kuogopwa kwenye Uwanja wa Jamhuri. Kadiri shirika la reli lilivyodhoofika, ndivyo kiboko kile kilivyopungua uzito, hadi jina likabaki kwenye mazungumzo ya vijiwe vya kahawa.

Sukari peke yake ndiyo iliyosimama. Kiwanda cha Mtibwa kiko Turiani, wilayani Mvomero, kaskazini mwa Morogoro mjini, chini ya milima ya Nguru ambayo ni jirani wa Uluguru katika mnyororo mmoja wa milima ya Tao la Mashariki. Mwaka 1988 wafanyakazi wachache wa kiwanda hicho walianzisha timu. Mwaka 1989 ikaanza daraja la nne, ngazi ya chini kabisa, na mwaka 1996 ikafika daraja la kwanza. Kiwanda kilibinafsishwa mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati viwanda vingine vya mkoa vikifungwa milango, na wamiliki wapya wakaiacha timu iendelee. Ndiyo maana, wakati Reli na Tumbaku wakishuka, Mtibwa walikuwa wakipanda.

Chini ya kocha John Simkoko, Mtibwa wakawa mabingwa wa Bara mwaka 1999, wakarudia mwaka 2000. Kwa mtu aliyezaliwa juzi ni vigumu kuelewa uzito wa jambo hili. Kombe la Bara lilikuwa limezoea zaidi njia mbili, ya Msimbazi kwa Simba na ya Jangwani kwa Yanga. Timu ya wakata miwa, yenye uwanja wa Manungu uliozungukwa na mashamba, ililichukua mara mbili mfululizo. Tangu hapo hadi leo ni Azam peke yao, msimu wa 2013/14, waliofanikiwa kulitoa tena mikononi mwa Simba na Yanga, na Azam walikuwa na fedha, uwanja wao wenyewe Chamazi, na kampuni kubwa nyuma yao. Mtibwa walikuwa na nidhamu, kambi ya mbali na kelele za jiji, na mabeki.

Mexime alikulia katika Mtibwa ya miaka hiyo. Alikuwa namba mbili, yaani beki wa kulia, kwa mujibu wa hesabu ya zamani ya jezi ambayo bado inatawala midomoni mwa Watanzania: mbili ni kulia, tatu ni kushoto, nne na tano ni katikati, sita ni kiungo mkabaji. Namba mbili wa kizazi chake alikuwa na kazi moja iliyoeleweka, kumfunga kamba namba kumi na moja wa wapinzani. Kupanda na kupiga krosi kulikuwa nyongeza, na beki aliyepanda ovyo alisemwa mpaka kijijini kwao. Mexime alicheza katika kipindi ambacho kazi hiyo ilikuwa inabadilika. Mabeki wa pembeni walianza kudaiwa mbio za uwanja mzima, na wengi wa rika lake waliachwa nyuma na mabadiliko hayo. Yeye alidumu. Alidumu kwa sababu alikuwa anausoma mchezo kabla haujafika kwake, na kwa sababu alikuwa anaongea. Nahodha anayecheza nyuma anaiona timu yote mbele yake, na asipoifaidi nafasi hiyo kwa sauti basi kitambaa mkononi mwake ni pambo.

Mwaka 2006 Tanzania ilimwajiri Mbrazili Marcio Maximo kuifundisha Taifa Stars, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi watu walianza kununua jezi na bendera za timu ya taifa. Katika hatua ya kufuzu fainali za mwaka 2008, Stars walipangwa na Senegal, Burkina Faso na Msumbiji. Walianza kwa kuifunga Burkina Faso 2-1 Dar es Salaam Septemba 2006. Juni 2007 walitoka sare ya 1-1 na Senegal kwenye Uwanja wa CCM Kirumba, Mwanza, kwa bao la Nizar Khalfan, kisha wakaenda Ouagadougou na kushinda 1-0 kwa bao la Erasto Nyoni. Ndoto ilivunjwa na Msumbiji Septemba 2007, waliposhinda 1-0 kwenye Uwanja mpya wa Taifa. Mexime alikuwa miongoni mwa nguzo za Stars ya enzi ile, na kutoka Mtibwa alikuwapo pia Salum Swedi, beki wa kati. Tafakari uwiano huo: klabu ya Turiani ikitoa mabeki wawili wa timu ya taifa, katika nchi ambayo kuitwa Stars bila kupitia Simba au Yanga kulionekana kama kibali cha pekee.

Hapa nataka nikae kidogo, kwa sababu ndipo ulipo uzito wote wa maisha yake ya uchezaji. Mexime alibaki Mtibwa. Tunaposema beki wa timu ya taifa alibaki katika klabu ya mkoani kwa maisha yake yote ya soka, watu husikia neno la kusifia tabia. Lakini kubaki kule kulikuwa na gharama. Magazeti ya michezo ya Tanzania yanaandikwa Dar es Salaam, na yanaandika habari za klabu mbili. Winga anayecheza robo saa Msimbazi anapata ukurasa wa kwanza. Beki anayecheza misimu kumi Manungu anapata mstari kwenye kikosi. Posho ni tofauti, safari ni tofauti, na mtu akistaafu heshima yake mtaani nayo ni tofauti. Ulaya watu wanamsifu Paolo Maldini kwa kuichezea AC Milan peke yake tangu 1985 hadi 2009, na anastahili. Ila Maldini alibaki kwenye klabu iliyokuwa ikichukua makombe ya Ulaya. Mexime alibaki kwenye klabu ambayo, baada ya mwaka 2000, haikutwaa tena ubingwa wa ligi.

Tena ilikuwa klabu iliyopigwa na mambo ambayo mchezaji hawezi kuyakaba. Mwaka 2004 Mtibwa walikuwa katika Kombe la Shirikisho Afrika na walishindwa kusafiri kwenda Afrika Kusini kurudiana na Santos. Shirikisho la soka la Afrika, CAF, likawapiga faini ya dola 15,000, na deni hilo likakaa kwa miaka mingi likiwasubiri siku watakayorudi kimataifa. Kizazi kizima cha wachezaji wa Mtibwa kilicheza chini ya kivuli cha tiketi za ndege zisizonunuliwa. Mafanikio yao yalibaki ya ndani, mfano Kombe la Mapinduzi walilolitwaa Zanzibar mwaka 2010.

Alipomaliza kucheza hakuondoka. Msimu wa 2012/13 alikuwa tayari kocha mkuu wa timu ileile aliyoiongoza kama nahodha. Ni hatua yenye hatari, maana baadhi ya wachezaji wake walikuwa wenzake wa chumba kimoja jana, na leo anawaambia wakae benchi. Aliivuka. Aliipeleka Mtibwa kwenye fainali mbili mfululizo za Kombe la Mapinduzi, ya 2015 waliyopoteza kwa Simba kwa mikwaju ya penalti, na ya 2016 waliyofungwa na URA ya Uganda. Msimu wa 2014/15 ulianza Mtibwa wakiwa juu ya msimamo wa ligi kabla ya pumzi kukata.

Lakini matunda makubwa ya miaka yake minne pale yanaonekana kwenye orodha ya waliouzwa, na ukiisoma orodha hiyo kwa jicho la beki utaona kilichokuwa kinatendeka Manungu. Issa Rashid, beki wa kushoto aliyejulikana kama Baba Ubaya, alikwenda Simba mwaka 2013. Hassan Ramadhani Kessy, beki wa kulia, alisajiliwa na Simba dirisha dogo la mwishoni mwa 2014, kisha Yanga mwaka 2016, kisha Nkana ya Zambia, na mwaka 2019 alikuwa Misri na Taifa Stars katika Fainali za Mataifa ya Afrika, za kwanza kwa Tanzania tangu Lagos. Andrew Vincent, maarufu Dante, beki wa kati, alikwenda Yanga mwaka 2016. Salim Mbonde, beki wa kati mwingine, akaenda Simba mwaka 2017. Kulia, kushoto, katikati na katikati: Mexime alitengeneza safu nzima ya nyuma na kuisambaza Msimbazi na Jangwani. Kulikuwa na viungo na mawinga pia, kina Mzamiru Yassin na Shiza Kichuya waliohamia Simba mwaka 2016, na Kichuya hakukaa hata miezi mitatu kabla ya kuwafunga Yanga kwa kona ya moja kwa moja Oktoba 1 mwaka huo. Watu wakaikumbuka kona. Mabeki wale wanne wakaendelea na kazi yao isiyoandikwa.

Baadhi ya mashabiki wa Mtibwa huilaumu klabu kwa kuuza kila anayechipua, na lawama hiyo naielewa, kwa kuwa timu inayouza mabeki wanne katika misimu michache haiwezi kutwaa ubingwa. Lakini fedha za kuendesha timu mkoani hupatikana wapi? Udhamini wa ligi ni mdogo, mapato ya mlangoni Manungu ni madogo zaidi, na kiwanda kina bajeti yake. Kuuza ndiko kulikoiweka hai. Ninachokilaumu mimi ni kwamba klabu kubwa zilichukua mabeki wale zikijua thamani yao, kisha wengi wao wakakalishwa benchi nyuma ya wageni, na kila aliyerudi mkoani akaonekana kama aliyefeli.

Mwaka 2016 Mexime aliondoka Turiani kwa mara ya kwanza, akaenda Bukoba kuifundisha Kagera Sugar. Hakutoka nje ya nyumba ya sukari, maana viwanda vyote viwili viko chini ya wawekezaji walewale. Msimu wake wa kwanza, 2016/17, Kagera walimaliza nafasi ya tatu, nyuma ya Yanga na Simba na mbele ya Azam, naye akachaguliwa kocha bora wa msimu. Kuna waliosema ni bahati ya mgeni. Jibu lilikuja Mei 19, 2018.

Siku hiyo Simba walikuwa wameshatwaa ubingwa wa 2017/18 na hawajafungwa mchezo hata mmoja wa ligi. Rais John Magufuli alikuja Uwanja wa Taifa kuwakabidhi kombe. Jukwaa lote lilikuwa jekundu, na wageni wa siku walikuwa Kagera Sugar, walioonekana wamealikwa kupamba sherehe. Mexime aliwapanga kama anavyopanga beki aliyekaba miaka yote: mistari miwili karibu, pembeni pamefungwa, na subira ya kungoja nafasi moja. Nafasi ikaja dakika za mwisho, Edward Christopher akafunga. Simba wakapata penalti, Emmanuel Okwi akapiga, golikipa wa Kagera, Juma Kaseja, akaipangua. Kagera 1, Simba 0. Rais alikabidhi kombe kwa timu iliyofungwa dakika chache zilizopita, na rekodi ya msimu bila kupoteza ikafia palepale. Msimu uliofuata Kagera walikuwa na hali mbaya kiasi cha kulazimika kucheza mchujo na Pamba ili wabaki ligi kuu, na bado waliwafunga Simba nyumbani na ugenini, Simba walewale waliomaliza tena wakiwa mabingwa. Kwa mtazamo wangu mechi hizo tatu zinaeleza aina ya mchezaji aliyekuwa kuliko mchezo wowote aliowahi kuucheza.

Mtibwa nao hawakufa Mexime alipoondoka. Salum Mayanga aliichukua timu, na Januari 2017 akaitwa kuifundisha Taifa Stars akitokea palepale. Zuberi Katwila, aliyekuwa msaidizi tangu enzi za Mexime, akapewa mikoba. Juni 2, 2018, wiki mbili baada ya siku ile ya Kagera, Mtibwa waliifunga Singida United 3-2 kwenye Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, Arusha, na kutwaa Kombe la Shirikisho la TFF. Ushindi uliwapa nafasi ya kurudi Afrika, na ndipo deni la mwaka 2004 lilipolipwa. Waliwatoa Northern Dynamo ya Shelisheli, kisha wakatolewa na KCCA ya Uganda. Januari 2020 wakawafunga Simba 1-0 fainali ya Mapinduzi.

Na mabeki? Waliendelea kuja. Dickson Job alikuwa nahodha wa Serengeti Boys katika fainali za vijana wa chini ya miaka 17 nchini Gabon mwaka 2017, akakulia Mtibwa, na Januari 2021 akasajiliwa na Yanga akiwa beki wa kati. Kibwana Shomari, namba mbili mwingine wa Serengeti Boys ile, alikwenda Yanga kutoka Mtibwa mwaka 2020. Wote wawili waligeuka wachezaji wa kutegemewa katika miaka ambayo Yanga walichukua ubingwa mfululizo, na Job akawa mmoja wa mabeki wa kwanza kuitwa kila Taifa Stars inapotajwa.

Nje ya Mtibwa yupo Shomari Kapombe, mzaliwa wa Morogoro, aliyepitia Moro Kids na Polisi Morogoro kabla ya Simba kumchukua mwaka 2011. Alikwenda Cannes ya Ufaransa, akarudi Azam, akarejea Simba mwaka 2017, na kwa miaka mingi amekuwa kipimo cha namba mbili nchini. Mexime, Kessy, Kapombe, Kibwana: mabeki wa kulia wanne wa timu ya taifa kutoka mkoa mmoja ndani ya miaka isiyozidi ishirini. Sijui mkoa mwingine wenye mfululizo wa namna hiyo katika nafasi moja, na sidhani kuwa ni bahati tupu. Viwanja vya mji vimejaa watoto wanaocheza na wakubwa wao, na mtoto mdogo kwenye mechi ya wakubwa hupangwa pembeni nyuma, mahali ambapo makosa yake yataumiza kidogo. Anayeweza kudumu pale hadi miaka kumi na sita anakuwa ameshajua kukaba kabla hajafundishwa.

Mexime mwenyewe ameendelea na kazi, baada ya Kagera akapita Ihefu na Dodoma Jiji, timu zisizo na fedha nyingi ambazo kocha hupewa lengo moja, kutoshuka daraja. Msimu wa 2023/24 Mtibwa walishuka baada ya takribani miaka thelathini katika ngazi ya juu. Msimu uliofuata walitwaa ubingwa wa Championship, ligi iliyo chini ya ligi kuu, na kupanda, na msimu huohuo Kagera Sugar wakashuka. Timu mbili za maisha yake zikapishana mlangoni.

Agosti 6, 2025, katika fainali za CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, zilizoandaliwa na Kenya, Tanzania na Uganda, Taifa Stars walikuwa wakisumbuka na Mauritania kwenye Uwanja wa Benjamin Mkapa, matokeo yakiwa 0-0 na dakika zikiyoyoma. Mpira uliingizwa ndani ya eneo la hatari, na aliyekuwapo kuumalizia alikuwa Kapombe, beki wa kulia, aliyepanda kutoka nyuma wakati washambuliaji wakiwa wamekwama. Tanzania ilishinda 1-0, na hatimaye ikafika robo fainali. Bao lake limeandikwa kila mahali. Katika mchezo uleule Mauritania hawakufunga, na hilo nalo lilihitaji mtu wa kulifanya.